Wino Ulioshiba

Miao Cuifen alikuwa na neno moja la kusifia kila kitu, nalo ni "imeshiba." Karatasi iliyochapwa vizuri imeshiba. Supu ya samaki yenye mchuzi mzito imeshiba. Hata bibi harusi aliyenawiri, Cuifen angemtazama toka utosini hadi vidoleni, kisha aseme kwa sauti ya kusikika meza ya tatu, "Naam, huyu ameshiba!" Neno si lake peke yake. Wapiga chapa wote wa Longgang husema karatasi inakula wino, na mji wetu huu ukirusha jiwe litampata mpiga chapa, likimkosa litampata mkewe. Karatasi ikila vizuri imeshiba. Ikila kidogo ina njaa, na karatasi yenye njaa ni aibu ya fundi aliyeichapa.

Neno hilo alilikuta kwa baba mkwe wake, mzee Su, aliyekuwa akichapa kalenda na zile karatasi ndefu nyekundu za maneno ya heri ambazo kila nyumba hubandika mlangoni mwaka unapoanza. Mzee alikuwa na mdomo mchungu, hana simile. Kila karatasi aliyoitoa Cuifen, mzee aliiinua dirishani, na mwanga ukipenya kwenye herufi hata kidogo, basi siku imeharibika. "Mwanangu," angesema, "mtu anabandika heri mlangoni pake, wewe unampa ukungu? Huo wino unaufunga kwa ajili ya nani, unaula wewe?" Cuifen akanuna, akalia, akajifunza. Baada ya miaka michache weusi wake ulikuwa uking'aa kama ganda la biringanya, na wateja wakaanza kuingia dukani wakisema wanataka ichapwe na yule mkamwana.

Mzee alikufa, na mume naye akafuata kwa maradhi ya ini, duka likafungwa. Cuifen akachukuliwa na Bosi Ou, mwenye kiwanda cha lebo karibu na mto. Ou mwenyewe aliwahi kufagia sakafu ya mzee Su zamani, kwa hiyo ingawa ndiye aliyekuwa akilipa mishahara, akipita karibu na mashine ya Cuifen alipita kama mtu anayepita kwenye mbwa wa jirani. Cuifen hakuwa mbaya, jamani. Alikuwa na kelele tu. Ukimkosea atakupigia kelele, kisha mchana atakupakulia nusu ya tambi zake bila kukuuliza.

Mtu mmoja tu duniani hakuwahi kumpigia kelele, naye ni dada yake.

Cuiling ndiye aliyembeba mgongoni walipokuwa wadogo, mama yao akianika samaki wa watu. Aliolewa juu mlimani, kijiji cha Baiyan, kwa mwanamume wa ukoo wa Lan, na toka hapo akawa mtu wa chai. Walikuwa hawafanani hata kidogo. Cuifen maneno mengi na moyo mwepesi. Cuiling sauti ya chini na kichwa kigumu; hasemi sana, lakini akisema amesema, hata umletee ng'ombe wa kumvuta harudi nyuma.

Sasa mwaka uliotangulia mkasa huu, yalimkuta. Chai ya Baiyan inauzwa kwenye makopo yenye lebo ya ushirika wa kijiji, jina la mkulima likiwa chini, na pembeni ule msimbo wa mraba, wenye vimraba vyeusi, ambao siku hizi umebandikwa kila mahali, hata kwenye toroli la muuza viazi vitamu. Mnunuzi anaumulika kwa simu, simu inamwambia: chai hii ni ya Lan, mke ni Miao Cuiling, shamba liko mteremko fulani. Vizuri. Lakini mjanja mmoja, mpaka leo hajulikani, alipiga picha lebo ya Cuiling, akaichapa chungu nzima, akajaza makopo majani ya bondeni yaliyokomaa kama nyasi za kulishia mbuzi. Msimbo ule haujui uko kwenye kopo la nani. Ukimulikwa unajibu vilevile: Miao Cuiling wa Baiyan.

Mnunuzi wake wa mji wa Hangzhou, aliyenunua kwake miaka mingi, alipanda mlima akiwa na kopo moja mkononi. Hakutukana. Aliliweka mezani, akasema, "Mama, kwa mtu mwingine ningekasirika. Kwako nimehuzunika tu." Akaondoka bila kunywa chai. Cuiling alilala na homa siku kadhaa. Cuifen alipompigia simu, alijibu kwa neno moja moja, na mwisho akasema, "Afadhali angenipiga kofi."

Ndiyo maana ushirika ulipokutana na Mwenyekiti Lei akaeleza kwamba siku hizi kuna misimbo isiyonakilika, ambayo ikichapwa na mwizi simu inaandika "nakala," Cuiling, ambaye hajawahi kufungua mdomo mkutanoni, alisimama. "Tuichukue hiyo," alisema. "Na mwenye mzigo utakaosoma nakala atolewe ushirikani, asiulizwe mara mbili. Hata nikiwa mimi." Watu wakapiga makofi. Ikawa sheria ya kijiji, na kwa kuwa mwenye kuitunga ni yeye, wakaiita sheria ya Mama Lan.

Kazi ya kuchapa ikaangukia kwa Bosi Ou. Kutoka kampuni iliyobuni msimbo akaja mhandisi, msichana mwembamba aitwaye Xia Yuqing, mkoba mgongoni na makombo ya biskuti kwenye sweta. Alisimama mbele ya mashine ya Cuifen akaeleza bila maringo.

"Katikati ya mraba tumeweka wingu la vidoti, Fundi. Vidogo mno, kama ufuta mweusi uliosagwa. Mwizi akipiga picha na kuchapa upya, vidoti vinavimba, vingine vinashikana, vingine vinapotea. Jicho halioni. Simu inaona. Inalinganisha na vile vya asili, ikikuta vimebadilika inaandika kwa rangi nyekundu: nakala."

"Kwa hiyo ujanja wote uko kwenye udogo wao," alisema Cuifen.

"Huo huo. Ndiyo maana wino uwe mchache kabisa. Nimeshaupima. Hapa usipaguse, tafadhali." Akabandika utepe wa njano juu ya vitufe vya kufungulia wino.

Karatasi ya kwanza ikatoka. Cuifen akaishika, akaiinua dirishani kwa mazoea, na uso ukamkunjamana. Msimbo ulikuwa wa kijivu. Maandishi, jina la kijiji, jina la mkulima, vyote vya kijivu, maana vyote vilichapwa kwa wino uleule.

"Binti yangu, hii ina njaa."

"Ndivyo inavyotakiwa, Fundi."

"Inatakiwa na nani? Na waliofiwa?"

Wafanyakazi wakaangua kicheko. Xia naye akacheka, hakuwa mtu wa kununa. "Hiyo njaa ndiyo kufuli yake," alisema. "Ukiilisha, umeifungua."

Cuifen akasema sawa, sawa, lakini ile sawa ya mtu ambaye hajakubali. Mnaijua.

Lebo zilichapwa kwa mafungu, kila nyumba fungu lake. Xia aliketi kwenye kigoda akimulika sampuli za kila fungu, kijani, kijani, kijani, mpaka ikabidi akimbilie treni kwa mteja mwingine. Mafungu machache yakabaki, na aliyabakiza kwa moyo mweupe kabisa, kwa sababu mashine ilikuwa imeshatulia na mwenye mashine ni Fundi Miao, ambaye Bosi Ou alimsifu kuwa hana mpinzani mtoni kote. Fungu la Cuiling lilikuwa la mwisho kabisa. Si kwa bahati. Cuifen ndiye aliyelisogeza mwisho, apate kulishughulikia kwa nafasi.

Alilitazama jina la dada yake kwenye karatasi ya majaribio. Kijivu. Likaonekana kama jina la mtu anayeumwa. Akafikiria lile kopo la Hangzhou lililowekwa mezani, na homa, na "afadhali angenipiga kofi," na sasa chai hiyohiyo irudi sokoni na uso wa namna hii? Akamwangalia Bosi Ou, yuko nje anavuta sigara. Akainua ukingo wa utepe wa njano kwa dole gumba, akazungusha vitufe vya wino. Kidogo tu, alijiambia. Akaurudisha utepe na kuulaza vizuri.

Lebo zikatoka nyeusi tititi, zinang'aa. Cuifen aliishika moja dirishani na hakuna mwanga uliopenya. Lo, jinsi alivyofurahi! Alizifunga mwenyewe kwa karatasi laini, akaandika juu kwa kalamu, "Za Dada," akazikabidhi kwa dereva wa gari la mlimani kama mtu anayekabidhi mtoto.

Chai ya kwanza huchumwa kabla ya Qingming, sikukuu ya kufagia makaburi. Siku hizo chache ndizo za wakulima. Chipukizi bado dogo, wanunuzi wanagombania, na sikukuu ikishapita chai ileile hakuna anayeikimbilia. Katikati ya pilika hizo simu ya Cuifen ililia, na alikuwa shemeji yake Lan, mtu ambaye hapigi simu mpaka pawe na msiba.

"Shemeji," alisema Lan. "Simu zinaandika nyekundu."

"Simu za nani?"

"Za kila mtu. Makopo yetu yote. Ya jirani kijani, ya Lei kijani. Yetu tu. Nyekundu, nyekundu, nyekundu." Akavuta pumzi. "Wanunuzi walikuwa wamejaa uani. Wamemulika, wametazamana, wametoka mmoja mmoja. Yule wa Hangzhou alikuwa amerudi mwaka huu, alikuwa mstari wa mbele."

"Dada yuko wapi?"

"Amekaa. Hasemi."

Cuifen alitukana simu, akatukana kampuni, akatukana vidoti na aliyevizaa. Kisha akampigia Xia. "Binti, lile dude lako limeharibika! Linamwita dada yangu mwizi!" Xia hakubishana. Aliomba tu awekewe lebo chache za fungu lile, na kesho yake asubuhi akashuka treni na mkoba wake.

Alikuwa na kioo cha kukuzia kidogo cha chuma. Akaweka lebo ya jirani mezani, akamwambia Cuifen atazame. Cuifen akaona vidoti, kila kimoja na nafasi yake, vimetawanyika kama mtu kamwaga ufuta. Halafu Xia akaweka lebo ya Cuiling. Cuifen akainama tena, akakaa hivyo muda mrefu.

"Vimeshikana," alisema mwisho, sauti imemshuka.

"Vimenenepa vikashikana. Simu inavyoona ni sawasawa na kitu kilichonakiliwa." Xia akaweka kioo chini. "Fundi, nani alifungua wino?"

Cuifen akautazama utepe wa njano. Kwenye ukingo, wazi kabisa, palikuwa na alama ya dole gumba la wino mweusi. Katika miaka yote ile ya kazi hakuwahi kuliona dole lake likiwa na sura mbaya vile.

"Mimi," alisema. "Nilitaka apendeze."

Akakaa kwenye kigoda. Xia, maskini, akamletea maji ya moto kwenye kikombe.

Bosi Ou yeye alikuwa na mpango. Alifunga mlango wa ofisi. "Sikiliza, dada Cuifen. Tunachapa mpya leo hii, tunapeleka, tunasema ni hitilafu ya mitambo. Kimya kimya. Ikisikika kwamba kwangu fundi anafungua wino kwa ajili ya ndugu zake, kijiji gani kitaniletea kazi tena?"

"Na dada yangu?"

"Atapata lebo mpya."

"Ou! Sheria inasema mzigo ukisoma nakala atolewe. Lebo mpya zitamfaa nini mtu aliyeitwa mwizi uani pake mwenyewe? Watasema ameficha za zamani, ameleta nyingine. Wewe ungesemaje?"

Ou akakuna kichwa. "Ningesema hivyo hivyo," alikiri.

"Basi nipishe nipite."

"Nikikosa kazi hii nitakunywesha huo wino wako, kopo zima!" alimpigia kelele mgongoni. Lakini hakumzuia, na gari la kiwanda akampa.

Baiyan kulikuwa na ukungu na kila nyumba ilikuwa ikinuka majani yanayokaangwa, isipokuwa ya Lan. Mlangoni kwa dada yake, mahali pa kibao cha ushirika, palibaki mraba mweupe na matundu mawili ya misumari. Cuifen alijua bila kuambiwa kwamba hakuna aliyekuja kukitoa. Cuiling amekitoa mwenyewe.

Alimkuta amekaa mbele ya ungo, anachambua majani ambayo hakuna wa kuyanunua. Hakuinua macho.

"Umekula?" aliuliza Cuiling.

"Dada, ni mimi."

"Naona ni wewe."

"Lebo. Ni mimi. Yule binti alipima wino, akaniambia nisiguse. Nikagusa. Fungu lako peke yake. Niliona jina lako limefifia, roho ikaniuma, nikaongeza wino. Ndio uliovinenepesha vile vidoti." Maneno yalimtoka yote kwa pumzi moja, na machozi nyuma yake. "Nilitaka ushibe tu, Dada. Nilitaka jina lako lishibe."

Cuiling akaacha kuchambua. Alitazama ungo, akatazama mikono ya mdogo wake, ile yenye weusi kwenye kucha usiotoka kwa sabuni yoyote. Kwa muda Cuifen alidhani atafukuzwa, na kweli angeondoka.

"Mwaka jana," Cuiling alisema polepole, "sikulala, nikawaza ni nani ananichukia kiasi hiki. Juzi nikawaza tena. Nikapita nyumba kwa nyumba kichwani. Nikamhukumu Lei. Nikamhukumu mke wa jirani." Akatikisa kichwa. "Kumbe ni mtu anayenipenda. Sasa nimhukumu nani?"

"Nihukumu mimi. Nipige hilo kofi."

"Nyamaza, unalowesha majani."

Cuifen akajifuta kwa mkono wa shati. Akasema anakwenda kwa Mwenyekiti Lei sasa hivi. Cuiling akamshika nguo. "Ukaseme nini? Watasema dada anamtetea dada. Sheria nimeitunga mimi, sitaki ivunjwe kwa kuwa nina mdogo mwenye kelele. Usiende kunililia."

"Siendi kulia," alisema Cuifen. "Naenda kumchukua."

Mwenyekiti Lei alikuwa mzee mfupi mkavu, mwenye kumwamini mtu baada ya kumzunguka mara tatu. Alimsikiliza Cuifen akiwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. "Fundi Miao," alisema, "hadithi nzuri. Lakini hata mimi dada yangu akikamatwa nitasema mimi ndiye niliyeiba."

"Usinisadiki. Sijakuja unisadiki. Panda gari ukaone kwa macho yako. Kama nimedanganya, nishushe njiani urudi peke yako."

"Gari ni lako, nikushushe vipi?"

"Basi nitatembea! Panda!"

Lei akapanda, nadhani zaidi kwa kuchoka kelele kuliko kwa kushawishika. Akachukua na wajumbe wawili wa ushirika wawe mashahidi. Cuiling hakwenda. Alisema mwenye kesi hakai kwenye mizani.

Kiwandani Bosi Ou alikuwa ameshavaa shati safi kana kwamba anakwenda kunyongwa kwa heshima. Xia alikuwepo. Wafanyakazi wakazima mashine nyingine, wakasogea. Cuifen akafunga mashineni bati lilelile la kuchapia fungu la dada yake, akamwonyesha Lei lebo iliyobaki ili alinganishe mwenyewe kwamba jina ndilo na alama ndizo. Kisha akautoa utepe wa njano kabisa, akazungusha vitufe kuurudisha wino pale Xia alipokuwa amepima. Kidogo, kidogo, kidogo. Kwa mkono uliofundishwa na mzee Su kufungua, kufunga namna ile ilikuwa kazi ngumu.

Lebo zikatoka za kijivu. Lei akachukua moja, mwenyewe, kutoka katikati ya karatasi asije akapewa iliyoandaliwa. Akaimulika. Kijani.

"Nyingine," alisema. Kijani. "Hii ya pembeni." Kijani.

"Sasa angalia mkono wangu," alisema Cuifen. Akafungua wino mbele ya macho yao, kiasi kilekile cha siku ile, na mashine ikatema lebo nyeusi zinazong'aa, nzuri kuliko zote zilizokuwa chumbani. Mfanyakazi mmoja akashindwa kujizuia: "Aisee, zimeshiba kweli!" Cuifen akamkata jicho.

Lei akamulika. Nyekundu. Nakala. Akamulika nyingine, nyekundu. Akalaza ya kijivu na nyeusi pamoja juu ya meza, zimetoka bati moja, mashine moja, mbele ya uso wake, moja inaitwa halisi na nyingine inaitwa wizi. Akaomba kile kioo, akatazama. Xia akamwonyesha kwa ncha ya kalamu. Vidoti vilikuwa mahali pake vyote, vilinenepa tu. Nakala ya mwizi, alieleza, hupoteza vingine kabisa, haivinenepeshi tu.

"Kwa hiyo kosa ni uzuri," alisema Lei.

"Kosa ni langu," alisema Cuifen. "Uzuri usiusingizie."

Mzee akageuka kwa wajumbe wake. "Sheria ya Mama Lan inasema mzigo ukisoma nakala," alisema. "Hii si nakala. Simu imeona vibaya, na sisi tumeona vibaya zaidi, kwa sababu sisi tunamjua yule mama na simu haimjui." Mjumbe mmoja akakohoa, akatazama viatu vyake, maana yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema uani pale kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Wakapiga picha lebo mbili pamoja, wakazituma kwenye kundi la kijiji na maelezo marefu ya Xia chini yake, na kabla gari halijafika mlimani jirani alikuwa ameshapigilia kibao cha Lan mlangoni, kimekaa upande kidogo.

Msidhani yote yalirudi. Qingming ilikwisha kupita. Wanunuzi walikuwa wameshajaza magari kwa jirani na kushuka, na ile chai ya chipukizi la kwanza Lan aliiuza kama chai ya kawaida. Yule wa Hangzhou alitumiwa picha na maelezo, akajibu kwa heshima kwamba ameelewa, na hakusema atarudi lini. Bosi Ou hakupoteza kazi ya Baiyan. Lei alisema kiwanda ambacho fundi wake anajishtaki mwenyewe kina afadhali kuliko vingine. Lakini Cuifen aliondolewa kwenye mashine ya misimbo. Alipewa karatasi nyekundu za mwaka mpya na kalenda, mahali ambapo wino unaruhusiwa kuliwa mpaka basi. Alinung'unika wiki nzima kwamba amefukuzwa jikoni, ingawa kila mtu aliona kwamba anaimba.

Kabla ya kuhamishwa aliomba jambo moja, achape lebo mpya za dada yake yeye mwenyewe. Ou akaguna, Xia akasema mwache. Alizichapa akiwa ameshika mkono wa kulia kwa wa kushoto, mtu anaweza kusema. Zikatoka na njaa ya kutisha. Akazimulika moja moja, zote, mpaka macho yakamwuma.

Vuli, chai ya mwisho ilipokwisha, alipanda Baiyan na kapu la mikate ya mchele. Cuiling alikuwa jikoni. Juu ya rafu, kati ya kopo la chumvi na la mafuta, palikuwa na kopo la chai ya nyumbani, na kwenye kopo hilo lebo nyeusi tititi, inang'aa.

"Dada! Si nilikwambia uzichome zote zile?"

"Nilizichoma. Hiyo imebaki."

"Mgeni akiimulika je? Inasoma nakala!"

"Akiimulika atajijua." Cuiling akalifungua kopo, akatia majani kwenye birika. "Mimi siisomi kwa simu."

Cuifen akaweka kapu lake chini. Alikaa. Dada yake akamimina chai, na hakuacha kumimina pale panapoachwa. Alijaza kikombe mpaka ukingoni, mpaka kikafurika kidogo mezani, jambo ambalo kwetu ukimfanyia mgeni umemtukana.

"Dada, umejaza mno."

"Wewe ni mgeni?" alisema Cuiling. "Kunywa. Shiba."